Kuosha Uso Mkavu wa Utu Uzima Bila Sabuni: Mafuta, Tui na Oti kutoka Jikoni

Nawa uso kwa sabuni yako ya kila siku, jifute, kisha kaa dakika tano bila kupaka kitu chochote. Kama mashavu yanavuta, ukitabasamu ngozi unaisikia imewamba kama ya ngoma, na kando ya pua pameanza kupauka, sabuni hiyo haikufai tena, hata kama umeitumia tangu usichana. Wengi wakifika hapo huongeza losheni, kisha wakabadilisha losheni, kisha wakanunua ya bei kubwa zaidi. Anza na kile unachonawia. Losheni ya kutwa nzima hairudishi yote yaliyochukuliwa na sabuni kwa nusu dakika.

Sababu yenyewe ni hii. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) huwa kama 4.7 hadi 5.5. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Kila ukinawa, uchachu ule unaondoka pamoja na sehemu ya mafuta yanayoshikanisha chembe za tabaka la juu, kama vile udongo unavyoshikanisha fito za ukuta. Ngozi ya kijana hujirekebisha baada ya saa chache. Ngozi ya mtu wa miaka 50 na kuendelea huchelewa, na kwa wanawake baada ya kukoma hedhi tezi za mafuta hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo unanawa tena kabla ya jana hayajarekebika.

Tanga kuna jambo la pili, nalo ni maji. Eneo hili lina mawe ya chokaa na matumbawe, chokaa ya namna ileile iliyotoboka ikawa mapango ya Amboni. Maji ya kisima yakipita humo hubeba chokaa, na sabuni ikikutana nayo hutoa povu kidogo na utando mwingi mweupe. Utando ule unaouona kwenye ukingo wa beseni unaganda na usoni pia. Visima vilivyo karibu na bahari huongeza chumvi. Kama sabuni inakataa kutoa povu nyumbani kwako, nawia uso maji ya mvua au maji yaliyochemshwa na kuachwa yatulie: sehemu ya chokaa hubaki chini ya sufuria. Chumvi haitoki kwa kuchemsha.

La tatu ni udhu. Anayeswali swala tano ananawa uso mara tano au karibu na hapo, na maji matupu nayo hukausha yakiachwa yakauke yenyewe usoni. Udhu hauhitaji sabuni. Jifute kwa kugusagusa kitambaa, kisha paka matone mawili ya mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Kisafishio kitumike mara moja tu kwa siku, jioni, jasho na vumbi la kutwa likiwa bado usoni. Asubuhi maji yanatosha.

Kanuni moja kabla ya kuanza

Kitu chochote cha kuweka kabatini kisiwe na maji ndani yake. Hapo ndipo vitu vingi vya kutengeneza nyumbani huharibikia. Mafuta matupu, nta na unga mkavu havina maji ya kulisha bakteria, na asali ina maji machache mno yaliyobanwa na sukari. Lakini ukichanganya mafuta na maji ya waridi, au ukatia jeli ya shubiri mbichi kwenye chupa, umetengeneza shamba la vijidudu, na kwa joto la nyuzi 30 wanazaliana kabla hujaona rangi imebadilika wala kusikia harufu. Vitamini E, ambayo watu wengi huitegemea, haiwazuii. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta kuharibika kwa hewa, basi. Kwa hiyo vyenye maji tengeneza vya kutumia leo, na vya kuweka viwe vikavu au vya mafuta matupu.

Vifaa ni vichache: mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kijiko cha chakula (mililita 15) na cha chai (mililita 5), chekeche ya unga yenye matundu madogo, na chupa za kioo, za kahawia ukizipata. Chupa ioshwe, ichemshwe dakika 10, igeuzwe juu ya kitambaa safi, halafu ikae juani saa nzima. Usiache hatua ya jua. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na chupa iliyogeuzwa usiku kucha asubuhi bado utaikuta na umande ndani. Umande huo mdogo unatosha kuharibu mafuta ya mwezi mzima.

Mafuta ya kuoshea uso

Hiki ndicho tunachokiweka mbele ya vyote kwa ngozi kavu. Mafuta huyeyusha mafuta: wanja, vumbi lililogandamana na jasho, losheni ya kuzuia jua, vyote hulainika vikatoka bila povu. Kwa chupa ya mililita 100:

– mafuta ya alizeti, mililita 60
– mafuta ya ufuta, mililita 30
– mafuta ya nyonyo, mililita 10
– vitamini E, kidonge laini kimoja cha IU 400, kitobolewe kwa sindano safi na kukamuliwa ndani

Mimina vyote kwenye chupa kavu, funga, pindua chupa juu chini mara kumi. Imekwisha. Weka mbali na dirisha na mbali na jiko. Itakaa miezi mitatu, na mafuta yakianza kunuka kama karanga kuukuu, mwaga hata kama mwezi haujaisha.

Kila mafuta yana kazi yake. Alizeti ni mepesi na kwa kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, asidi ambayo ngozi kavu inaihitaji kutengeneza kinga yake. Ya kiwandani yaliyosafishwa yanafaa kabisa. Ya kukamua mtaani yaache yatulie siku mbili, kisha mimina ya juu polepole na uache mashapo. Ufuta una kinga yake ya asili dhidi ya kuharibika, hivyo unasaidia chupa nzima idumu. Chukua ule mweupe-manjano uliokamuliwa bila kukaangwa. Wa kahawia uliokaangwa una harufu ya chakula, na utalala nayo. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yananata, ndiyo yanayoshika uchafu. Ukizidisha, tuseme ukafika mililita 20, uso utabaki na gundi ambayo kitambaa hakiitoi.

Utauliza, nazi iko wapi? Mwambao mzima umelelewa na mafuta ya nazi, nayo ni mazuri kwa nywele na miguu. Usoni yanachagua watu. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na kwa baadhi ya watu yanaziba vinyweleo, ukaona vipele vidogovidogo kwenye kidevu na paji la uso baada ya wiki mbili. Kama umeyapaka usoni miaka yote bila shida, toa mililita 30 za alizeti uweke za nazi. Usishtuke yakifanya ukungu na kuganda usiku wa Julai wakati wa kusi: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, hayajaharibika. Yale ya kupika nyumbani yapime kwanza. Weka matone machache kwenye kijiko, pasha juu ya moto mdogo, sikiliza. Yakitatarika bado yana maji, yarudishe jikoni mpaka yanyamaze.

Mafuta ya zeituni yana heshima kubwa majumbani, na tunaelewa kwa nini. Hata hivyo yana asidi ya oleiki nyingi, ambayo hulegeza tabaka la juu la ngozi badala ya kulikaza. Kwa uso uliokwisha kauka hatuyatumii kama mafuta ya msingi.

Sasa namna ya kutumia, na hapa ndipo watu hukosea zaidi kuliko kwenye kuchanganya. Uso uwe mkavu na mikono iwe mikavu. Maji yakitangulia, mafuta yanateleza juu yake wala hayagusi uchafu. Chukua nusu kijiko cha chai, sugua viganja, kisha pitisha usoni kwa vidole vilivyolala, mizunguko midogo, dakika moja. Chini ya macho tumia kidole cha pete kwa sababu hakina nguvu. Usikande, usivute ngozi kwenda chini.

Kitambaa kina umuhimu sawa na mafuta. Kata kipande cha kanga kuukuu, sentimeta 25 kwa 25, ile iliyofuliwa mpaka ukiishika ni laini kama ngozi ya sikio. Kanga mpya ina wanga unaokwaruza na rangi inayotoka. Chovya kwenye maji ya vuguvugu, kamua, jaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko cha mkono: ikiwa unahisi joto zuri bila kushtuka, ndiyo yenyewe. Tandaza usoni, hesabu mpaka 15, kisha futa kuelekea masikioni bila kukandamiza. Chovya tena, geuza upande safi, rudia mara mbili. Ngozi ibaki na ulaini mdogo, ule unaousikia kidole kikipita. Ikibaki inang'aa na kunata, kitambaa kilikuwa cha baridi au nyonyo imezidi.

Kitambaa kifuliwe kila siku na kuanikwa juani. Kile kinachoning'inia bafuni na unyevunyevu siku nne ndicho kinacholeta vipele, na mafuta yanasingiziwa.

Ya kugandisha, kwa safari

Kama unasafiri na hutaki chupa imwagike, gandisha kwa nta ya nyuki: nta gramu 10, mafuta ya nazi gramu 30, alizeti gramu 60. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto huilegeza ikawa uji, hivyo ongeza nta hadi gramu 14 na upunguze alizeti hadi 56. Asiyepatana na nazi aweke ufuta na aongeze nta gramu 2.

Nta ya wauza asali huwa na vipande vya nyuki na masega. Iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, acha ipoe. Nta itaelea ikaganda kama sahani. Itoe, kwangua uchafu wa chini, anika ikauke kabisa. Kisha weka nta na mafuta kwenye bakuli la chuma juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, haihitaji zaidi, na moto wa moja kwa moja unaweza kuiwasha. Ikiyeyuka, dondosha tone kwenye kisosi cha baridi, lisubiri ligande, lisugue kwa kidole. Likikataa kuyeyuka nta imezidi, likibaki maji nta imepungua. Rekebisha ukiwa bado jikoni, mimina kwenye kopo, usifunike mpaka ipoe, maana mvuke ukinaswa chini ya kifuniko hugeuka matone ya maji. Chota kwa kijiko kikavu. Kidole chenye maji ndicho huleta ukungu wa kijani juu ya kopo.

Tui la kasimile

Watu wa pwani wana kisafishio cha maziwa tayari jikoni kila siku, na hukipita bila kukiona. Kasimile ni tui zito la kwanza, nalo tui ni mafuta na maji yaliyoshikana kwa nguvu ya protini za nazi yenyewe. Mafuta yanachukua uchafu, maji yanauondoa, na hakuna sabuni iliyoingia. Kwa uso mkavu unaochonyota hata ukiguswa, tui ni pole kuliko mafuta na kitambaa, maana hakuna kufuta.

Chagua nazi kavu iliyokomaa, ukiitikisa isikike maji. Koroma halina mafuta ya kutosha. Kuna kwa mbuzi, lakini simama ukifika karibu na kifuu. Vile vipande vya kahawia ni vigumu, na usoni vinakwaruza kama mchanga. Kwa nazi nusu tia mililita 60 za maji ya vuguvugu, vijiko vinne vya chakula. Maji ya moto sana hutenganisha mafuta, ya baridi hayayatoi. Fikicha kwa mkono dakika mbili mpaka maji yawe mazito na vidole viteleze, kamua kwa kifumbu, kisha chuja tena kwa kitambaa chepesi. Kifumbu peke yake hupitisha chembe za chicha, na chicha chini ya kidole ni msasa.

Usikune nazi kwa ajili ya uso tu. Unapoandaa wali wa jioni, chota vijiko viwili vya chakula vya kasimile kabla tui halijaenda chunguni, kabla ya chumvi na vitunguu. Ukitaka liwe zito, lisichuruzike shingoni, ongeza kijiko cha chai cha unga wa oti unaoelezwa hapa chini, subiri dakika tatu. Lowesha uso kidogo, paka, zungusha vidole dakika moja, suuza kwa maji ya vuguvugu mara tano au sita. Kando ya nywele suuza vizuri, kwani tui likibaki pale huchacha na kunuka kabla ya asubuhi.

Muda wake ni mfupi, na hapo hatuna ulegevu. Mezani, kwa joto la Tanga, usilitumie lililokaa zaidi ya saa mbili. Kwenye friji, limefunikwa, mwisho wake ni kesho wakati kama huu. Likitengana, juu zito na chini maji, ni kawaida, likoroge. Likiwa na uchachu puani, au likivutika kama ute, mwaga. Unaweza kuligandisha kwenye kisahani cha barafu, kipande kimoja kwa uso mmoja, wiki mbili. Likiyeyuka hukatika vipande, likoroge kwa kijiko, kazi yake haijapungua sana. Tui la kopo na la paketi mara nyingi lina vizito na vihifadhi vilivyopimwa kwa ajili ya chakula. Halina madhara mchuzini, ila usoni kwa mtu mwenye ngozi inayowasha hatulishauri.

Unga wa oti

Oti zile za uji, tupu, zisizo na sukari wala ladha. Wengine huziita shayiri. Saga gramu 80 kwenye blenda kavu mpaka ziwe kama unga wa ngano, chekecha mara mbili, kisha changanya na gramu 20 za maziwa ya unga yenye mafuta. Sugua kidogo kati ya vidole viwili: ukihisi punje, rudisha kwenye blenda. Jioni chukua vijiko viwili vya chai, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya vuguvugu, na usiwe na haraka. Baada ya dakika tatu mchanganyiko unabadilika, unakuwa na utelezi kama wa mlenda. Utelezi huo ndio unaobeba uchafu na kutuliza mwasho. Ukiupaka kabla haujatokea, umejipaka unga tu. Tandaza, acha nusu dakika, suuza. Usisugue.

Unga huu hunyonya unyevu wa hewa. Tengeneza wa wiki mbili tatu, uweke kwenye chupa inayofunga sawasawa. Ukishikana mabonge au ukiingia wadudu, haufai tena. Asiyeweza maziwa aache maziwa, oti peke yake inatosha.

Asali nayo ina nafasi, ingawa ndogo. Gramu 70 za asali, gramu 20 za glisirini ya duka la dawa, gramu 10 za unga wa oti usio na maziwa, koroga, weka kwenye kopo kavu, tumia ndani ya mwezi. Uso uloweshwe kwanza, la sivyo inanata na kuvuta. Asali huvuta unyevu na ina uchachu unaokaribiana na wa ngozi, kwa hiyo inapendeza kwenye uso uliopauka na upepo wa kusi. Kifuniko kikianza kufutuka na viputo kuonekana, maji yameingia na asali inachachuka. Asali ya Handeni ukiipata mbichi, vizuri. Iliyoongezwa sukari ya maji haidumu na haina kazi.

Vitu vya kuacha

Ndimu usoni, hapana. pH yake ni kama 2, na ndimu ikikutana na jua huacha madoa meusi ya kuungua ambayo hukaa miezi. Magadi ni ya maharage. Ukali wake unafika ule wa sabuni na kuupita. Mafuta ya karafuu yanachoma, hata tone moja, na ngozi nyembamba ya shavu inaweza kubabuka. Sukari na chumvi za kusugulia zina kona kali.

Singo la bibi harusi, la kusugulia mwili, ni zuri sana, na tunaliheshimu, lakini limetengenezwa kwa mikono, mgongo na miguu ya binti wa miaka ishirini na kitu. Mashavu ya mama yake hayalihimili. Liwa (msandali) iliyosuguliwa kwenye jiwe ina harufu ambayo hatutaki mtu aiache, ila ikikauka hunyonya unyevu. Ukiipenda, ipake juu ya safu nyembamba ya mafuta na uisuuze kabla haijapasuka usoni. Za unga zinazouzwa na rangi kali na manukato, ziache.

Na kwa aliyewahi kutumia mkorogo: ngozi yako huenda ina athari za dawa za steroidi au hidrokwinoni, na imekuwa nyembamba kuliko umri wako. Ukiacha, uso unaweza kuwaka, kuvimba na kuwasha wiki kadhaa. Kisafishio cha nyumbani hakitibu hilo. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwambie ukweli wa ulichotumia, na wakati huo nawa kwa maji na utelezi wa oti tu.

Kujaribu, na kusoma ngozi inasemaje

Kila kipya kijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Pakiwa shwari, nenda upande mmoja wa taya siku mbili, ndipo uso wote. Ufuta, nazi, maziwa na oti vyote vina watu vinaowadhuru, na mwenye pumu ya ngozi awe mwangalifu zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha sabuni, mafuta na losheni siku moja hatajua kipi kilimletea vipele.

Usihukumu kwa siku mbili. Kuvuta kwa ngozi baada ya kunawa kunapungua ndani ya wiki ya kwanza, lakini mabadiliko ya mpauko na ukavu huchukua wiki sita hivi, kwa sababu ngozi ya utu uzima hujizalisha polepole. Ukiona vipele vyeupe vidogo, toa nazi. Ukiona wekundu au weusi unaowasha mahali pamoja, acha kila kitu siku tano kisha rudisha kimoja kimoja. Macho yakiwa na ukungu baada ya mafuta, ni mafuta yaliyoingia ndani, osha kwa maji mengi. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho karibuni asikaribishe mafuta kwenye kope mpaka daktari wake aruhusu.

Baada ya kusuuza una kama dakika tatu kabla unyevu haujaondoka. Ndani ya hizo paka losheni isiyo na manukato, au matone matatu ya ule mchanganyiko wa chupa. Nyufa zinazotoa maji, au kidonda kinachokaa zaidi ya mwezi bila kufunga, si mambo ya jikoni, mwone daktari.

Majirani wakianza kuomba chupa, wape na wafundishe kutengeneza. Ukifika kuuza, mambo yanabadilika: tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na bidhaa ya kuuzwa inahitaji usajili na lebo yenye viambato vyote. Hata chupa ya kumpa shemeji ibandike karatasi yenye tarehe ya kutengeneza na majina ya mafuta yaliyomo, ufuta ukiwa wa kwanza kuandikwa kwa wino mzito, kwa ajili ya asiyepatana nao.